Jinsi Nilivyolimaliza Neno "Excellent" Mjini Likasi

Nyinyi vijana mnaonijia hapa kibarazani na simu zenu mkisema, "Papa Kalala, utuandikie barua ya Kiingereza, lakini utie maneno ya nguvu," kaeni kwanza. Sikatai kuandika. Nimekuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi kwa miaka mingi kuliko umri wenu, na mkono uliozoea kuandika haustaafu. Lakini hayo maneno ya nguvu mnayoyataka, moja nililiua mwenyewe, tena mchana kweupe, nikiwa nimevaa tai. Ni haki mjue marehemu alikufaje.

Neno lenyewe ni excellent. Kwa Kiingereza unamwambia hivyo mtu au kitu kilicho bora kabisa, bora kupita wengine. Shikeni hapo penye kupita wengine, kwa sababu mimi sikushika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Ngandu, karani mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtu akimaliza mkataba wake, ofisi yetu ilimpa barua ya ushuhuda wa kazi ya kwenda nayo kwa mwajiri mwingine. Enzi zile tuliandika kwa Kifaransa, kwa mashine yenye herufi moja iliyokuwa ikiruka juu ya mstari. Papa Ngandu alinionyesha siri za ufundi huo. Muhuri unaulaza nusu juu ya sahihi na nusu juu ya karatasi tupu, ili mjanja asiweze kukata sahihi na kuibandika kwingine. Karatasi huikunji palipo na muhuri. Na jina la mtu unamwomba aliandike yeye mwenyewe kwanza, hata kama unalijua, kwa maana hakuna mtu anayekusamehe ukikosea jina lake.

Jambo moja lake nililiona upuuzi. Kabla ya kumwandikia mtu barua, Papa Ngandu alivaa kofia akashuka karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama yule mtu akifanya kazi saa nzima. Mimi nilidhani anakimbia joto la ofisini. Halafu alirudi na kuandika maneno mawili: assez bien. Yaani si mbaya, yatosha. Watu kwa makumi walitoka mikononi mwake wakiwa si wabaya na wanatosha. Siku moja alimwandikia seremala mmoja bien, basi, nzuri, bila kupunguza. Mke wa seremala alikuja asubuhi na kuku chini ya kwapa, akauliza kwa heshima kama Papa hakukosea.

Nilimcheka mzee yule kwa uchoyo wake. Nikajiambia, siku nikikalia kiti kile nitawasifu watu mpaka washibe.

Kiti nilikipata, na mdomo wangu ukaniponza. Wakubwa wapya wa migodi walikuwa wageni wasiojua Kifaransa, wakataka barua kwa Kiingereza. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ilichukua kazi za kutoa maji na kutengeneza mashine upande wa Kambove, na katika kampuni nzima mwenye Kiingereza nilikuwa mimi. Kiingereza changu kilikuwa kama suruali ya kurithi: inaingia, ila usiiname. Nilikuwa na kamusi isiyo na jalada. Nikaanza kutafuta sifa. Good nikaiona ndogo, hata watoto wa stesheni waliijua. Very good nikaiona ni good iliyopanda juu ya kigoda. Halafu nikakutana na excellent, ndugu yake yule yule wa Kifaransa ninayemjua tangu shule ya masista, kabadilisha matamshi tu. Nilifurahi kama niliyemwona mjomba katika mji wa ugenini.

Wa kwanza kupewa alikuwa dereva wa lori. Nikaandika: He is an excellent worker. Jumapili dereva akasimama na ile barua kanisani kama ushuhuda. Mchungaji akaipokea, akainyanyua kwa mikono miwili, akasema, "Mungu anainua muntu!" na kanisa zima likaitika amina. Jumatatu nilipofika ofisini nilikuta foleni mlangoni.

Sasa niambieni, baada ya hapo ningemwandikia nani good? Nilijaribu, kwa fundi umeme mmoja. Mke wake alinikamata sokoni mbele ya mafungu ya majani ya sombe, akapaza sauti. "Papa Kalala, bwana yangu iko na kilema gani? Jirani eko excellent, shiye tuko good. Batoto batasema nini ku masomo?" Nikaenda kuirekebisha siku ile ile. Kisha dereva wa kwanza akarudi kulalamika kwamba kila mtu sasa yuko sawa naye, nikamwandikia very excellent. Kiingereza hakina kitu hicho, lakini Likasi tulikuwa nacho.

Nilimwandikia hata Kibwe. Kibwe alikuwa mlinzi, na aliwahi kuvuliwa buti zake miguuni na mwizi, akiwa zamu, zote mbili, na kamba zake zikafunguliwa vizuri bila haraka. Alikuja kuniomba barua akiwa na kandambili. Nikaona huruma, naye nikampa excellent. Na siku kampuni ilipokosa mkataba na sote tukaambiwa turudi nyumbani, nilibaki peke yangu ofisini na muhuri, nikafunga mlango, nikajiandikia na mimi.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye neno lile lilikuwa lake kwa haki. Ilunga, fundi wa pampu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye majibu mafupi, hakuamkia watu wa ofisi na wala hakujaza fomu zangu. Kazi yake ilikuwa kuzuia maji yasijaze migodi, na aliifanya kwa sikio. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya pampu inayozunguka, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Kisha alisema, "Rulema hii haitapita siku ya tatu." Rulema ni zile gololi za chuma zinazobeba mhimili wa pampu uzunguke bila kukwaruza. Siku ya tatu ilikuwa kweli inakufa. Wakubwa walileta mashine ya kupima mtikisiko, ikawaambia lile lile alilolisema Ilunga, ila iliwaambia kwa kuchelewa.

Yeye barua yake niliiandika kwa dakika moja, mstari ule ule. Tena sikuinua macho nilipompa, kwa sababu nilikuwa na kinyongo naye cha zamani. Aliwahi kunidhalilisha mbele za watu, nami si mtu wa kusahau.

Basi kampuni moja ya wageni upande wa Kakanda ikatangaza inatafuta watu. Tulipeleka maombi watu kumi na wanne, mimi na Ilunga tukiwamo. Wiki mbili kimya. Kisha nikaitwa mimi peke yangu. Nilipiga pasi shati, nikaagana na jirani zangu kama ninayehamia mji mwingine.

Msimamizi wa ajira alikuwa mwanamke wa Tanzania, jina lake Neema, mpole sana wa sauti. "Shikamoo, mzee," akaniambia. Sisi huku salamu hiyo hatuna. Nikajibu, "Jambo sana, mama," nikakaa.

Alipanga barua kumi na nne mezani, safu mbili. "Mzee Kalala, hizi ni kazi ya mkono wako?"

"Zote, mama," nikasema, na kifua nikakitoa mbele.

"Naomba unisomee."

Nikasoma ya kwanza. Excellent worker. Nikasoma ya pili. Nilipofika ya tano sauti ilianza kushuka, ya tisa nilikuwa nasoma kama mtoto anayetubu dhambi, na ya kumi na moja ilikuwa ya Kibwe. Ya mwisho ilikuwa yangu.

"Huyu Kalala, excellent," akasema Neema akiigusa kwa kidole. "Alifanya nini?"

 Vijana wangu, nilipekua miaka yote ile kichwani. Nikasema, "Aliandika barua."

Hakucheka, na afadhali angecheka. Akaniambia taratibu kwamba barua zote wameziweka kando, kwa maana watu kumi na wanne hawawezi kila mmoja kuwapita wenzake, na ofisi yake sasa iliona neno hilo kama chapa ya karatasi tu. "Nahitaji fundi wa pampu mmoja," akasema. "Mkuu wangu anataka kumleta wa kutoka nje. Kama hapa yupo wa kweli, mzee, niandikie juu yake kabla ya Ijumaa. Lakini hilo neno lako usilitumie."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi nyumbani kwa Ilunga. Nilimkuta mke wake anaanua nguo.

"Hayuko," akaniambia. "Alienda Kambove, ku mashimo, ku bacreuseurs. Ile barua yako haikumusaidia kitu. Anashuka na kamba, Papa Kalala, na ile magoti yake mubaya! Na juzi shimo moya ilianguka pembeni ya yao."

Mashimo ya wachimbaji wa mkono mnayajua. Hayana nguzo, udongo ukichoka unashuka. Nilirudi nyumbani. Mtu anayejua mashine kuliko mashine inavyojijua alikuwa ananing'inia kwenye kamba kwa sababu barua yangu ilimweka kwenye safu moja na Kibwe.

Nikakaa na karatasi. Siku ya kwanza nikaandika very good, nikafuta. Nikaandika wonderful, nikafuta, maana niliona ni excellent amevaa kofia. Siku ya pili karatasi ilikuwa tupu bado. Ndipo nilipogundua kwamba nikinyang'anywa neno lile, mimi karani mkuu sina la kusema juu ya mtu yeyote.

Shangazi yangu Mbuyi alikuwa ameketi nje anachambua maharage ya kulia bukari, ugali wetu. Yeye ndiye aliyenilea, naye ndiye aliyeitwa kwenye vilio vyote vya mtaa wetu kuimba kasala. Sisi Baluba wa Kasai tunayo hiyo: sifa za mtu zinazoimbwa mbele ya watu, akiwa hai au amelala, kwa majina ya mambo aliyoyatenda na watu aliotoka kwao, na utani ndani yake. Mimi kama mtu wa ofisi niliona ni mambo ya wazee.

"Mwana, ile karatasi inakukosea nini?" akaniuliza. "Siku mbili unaikasirikia."

"Minatafuta namna ya kusifu muntu, shangazi. Ilunga wa mapompe."

"Eko namna gani?"

"Eko muzuri. Anatumika muzuri sana."

"Hata mbuzi eko muzuri," akasema, akatupa harage bovu. "Minauliza alifanya nini."

"Anajua mapompe."

"Alifanya nini? Siku gani? Bantu bangapi banaona?"

Nikachoka, nikamwambia ukweli. "Shangazi, miye yule muntu simupendi. Alinitukana mbele ya bantu."

"Aa. Hapo sasa. Leta."

Nikamweleza. Ilikuwa katikati ya majira ya mvua, wakati ardhi imelewa maji. Nilishuka chini ya mgodi kuhesabu mabomba, na ubao wangu wa karatasi, na viatu vilivyong'arishwa. Chini kule tulikuwa watatu, mimi na vibarua wawili, mbali na Ilunga aliyekuwa kwenye pampu yake na bisibisi sikioni. Ghafla akasimama akapiga kelele, "Pandeni bote! Pandeni sasa!" Msimamizi wa zamu akaita kutoka juu kwamba zamu haijaisha. Mimi nikasema nimebakiza mabomba matatu. Ilunga akanijia mimi mtu wa ofisi. "Weye muntu wa biro, panda, ao minakuvuta na shati!" Na kweli alinivuta, akanisukuma kwenye ngazi mbele ya wale vibarua, na kifungo cha shati kikakatika. Shati lilikuwa jipya. Nilimweleza shangazi habari za kifungo kile kwa urefu.

"Na kisha?" akauliza.

"Kisha nilipanda."

"Na kisha?"

"Kisha pompe ikakwama. Maji ikaingia."

"Ikafika wapi?"

"Ikafunika fasi nilikuwa nasimama." Nikaokota harage lililoanguka. "Ikafunika na ngazi, mupaka kati yake."

"Na yeye?"

"Yeye alipanda wa mwisho. Maji ilikuwa ku kifua."

Shangazi aliacha maharage. Alinitazama, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mwana wa kaka yangu," akasema, "miye minakupikia bukari hii myaka yote sababu ya ule muntu. Na weye ulimwandikia neno moya. Ile ile ya mulinzi wa kulala."

Niliona aibu, vijana. Sitaipamba. Nilikuwa nimeibeba siku ile miaka yote kama siku niliyotukanwa. Kila nilipomwona Ilunga nilikumbuka kifungo. Maji niliyakumbuka pia, lakini katika kichwa changu maji na Ilunga vilikaa vyumba viwili tofauti, na mimi katikati nikitafuta kifungo.

Niliandika mpaka mkono ukauma. Kiingereza kilikuwa kibovu, lakini nilisema nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwa chini, maji yalifika wapi, na bisibisi, na sikio, na kwamba msimamizi wa zamu alikataa tupande. Nikaandika kwamba mmoja wa wale watatu ndiye anayeandika. Na kwa kuwa kasala haifichi vidonda, nikaandika pia kwamba hajazi fomu, hasalimii ofisi, na atakukatia kifungo. Nikalaza muhuri? Hapana, muhuri sikuwa nao tena, kampuni ilikuwa imefungwa. Niliweka sahihi tu na namba ya simu.

Neema aliisoma mbele yangu Alhamisi. Alipomaliza akairudia kutoka juu. Kisha akachukua simu akaomba gari, akaniuliza, "Huyu baba yuko wapi sasa hivi?"

Kambove tulifika jua likiwa la utosi. Vumbi jekundu, magunia, watu wekundu kwa udongo. Ilunga alikuwa ndio kwanza anatolewa shimoni, kamba kiunoni, anapumua kwa mdomo. Aliniona na viatu vyangu.

"Muntu wa biro," akasema. "Umepotea?"

Nikamwambia kuna kazi, gari linangoja. Hakusogea.

"Barua yako niliiona. Excellent. Na Kibwe eko excellent. Tunaenda na Kibwe?"

"Niliandika ingine."

"Haya soma. Na Kiswahili, bote basikie."

Wachimbaji wakasogea, wengine wakakalia magunia yao. Neema akanipa ile karatasi, nikasoma nikitafsiri. Nilipofika kwenye kifungo walicheka sana. Nilipofika kwenye maji hakuna aliyecheka. Ilunga alikuwa anatazama viganja vyake, anakwangua udongo kwenye ukucha.

"Kumbe uliona," akasema mwishoni.

"Niliona."

"Myaka yote nilizania ulikasirika tu juu ya shati."

"Nilikasirika juu ya shati, Ilunga. Kweli."

"Bale bengine babili balikuja ku nyumba yangu kesho yake, na bibi na batoto. Weye haukukuja. Haukusema hata aksanti."

"Sikusema."

Akainua uso, akanitazama mbele ya watu wote wale. "Basi sema sasa."

Mimi mwenye kamusi, niliyewagawia watu sifa kwa lugha ya wageni mpaka foleni ikafika barabarani, nilisimama pale kwenye ukingo wa shimo na karatasi mkononi. Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu likatoka, aksanti, dogo na lenye mikwaruzo, na sikuongeza neno lingine juu yake. Ilunga akatikisa kichwa kukubali, akafungua kamba kiunoni, akaenda kukaa ndani ya gari.